Mzingo Niliomkosesha Binti Yetu

Mpendwa mshauri, naomba unisikilize kabla hujanicheka, maana mimi ni kinyozi na mistari ninayoijua ni ya nywele. Nimeoa mama mwenye binti wa darasa la saba, na tangu nihamie kwao binti ananiita "wewe", hata salamu anaupa ukuta, mpaka juzi mama yake akiwa kazini akanijia na karatasi ya grafu akasema, "Baba, nisaidie," nami kwa kulisikia neno hilo hata ningeulizwa njia ya kwenda mwezini ningeielekeza. Ilikuwa pembetatu yenye nukta (1,1), (4,1) na (4,5), atafute mzingo wake, basi upande wa chini nikahesabu tatu, wa wima nne, na ule wa mshazari nikahesabu miraba inayokatwa na mstari nikapata sita, nikamwambia kifua mbele, "Andika kumi na tatu." Kumbe ni kumi na mbili. Mwalimu wake, ambaye namnyoa, ameniambia binti alibishana naye darasani, "Baba ndiye kanifundisha, hawezi kunidanganya," wenzake wakamcheka. Nyumbani hajasema kitu, hesabu anafanyia chumbani kajifungia, nimemnunulia viatu hajavigusa. Je, nimempoteza?

Kinyozi

Pole, ndugu yangu. Hujampoteza. Mtoto hamtetei mbele ya darasa zima mtu asiyemtaka. Kukosea hesabu kunasameheka. Ila umejua kwamba amechekwa kwa ajili yako, ukanyamaza, ukaenda dukani. Hapo ndipo ulipomwacha peke yake.

Kwanza jifunze. Miraba inayokatwa haipimi urefu wa mshazari. Kutoka (1,1) hadi (4,5) unakwenda tatu kulia, nne juu. Tatu mara tatu ni tisa, nne mara nne ni kumi na sita, jumla ishirini na tano. Namba inayojizidisha ikatoa ishirini na tano ni tano. Huo ndio mshazari wako. Jumlisha na tatu na nne.

Kisha bisha hodi leo hii, usimtume mama yake. Sema, "Mwanangu, nilikukosesha, na nimesikia ulivyonitetea. Nisamehe." Usitie utani. Akikaa kimya, vumilia, hiyo ni haki yake. Kesho rudi tena. Siku akikusogezea kiti, kaa, na penseli ashike yeye.