Sauti Zetu Ndani ya Kinanda cha Neville

Jumapili, 3 Machi 1974

Baada ya ibada mwanangu Neville alitubakiza kanisani, wanawake wote watatu wa kwaya. Anataka sauti zetu ziingie kwenye kile kinanda cha bendi yao, waende nacho kupiga Italia. Chini ya kila kibao kuna kipande cha utepe — ukibonyeza, utepe unapita na sauti inatoka. Ukiachia, unarudi ulikoanzia. Ni mfupi, unatosha pumzi moja tu. Basi kila mmoja aliimba peke yake, noti moja moja, aaa, mpaka pumzi ikakata. Hilda zile za chini, mimi za katikati, Olwen za juu. Wengine walingoja chumba cha pili na chai yao, wasije wakakohoa.

Olwen akamwambia, "Ukinibonyeza huko Italia, Neville, uoshe mikono kwanza." Tulicheka mpaka mchungaji akachungulia.

Hii itakuwa santuri ya tatu ya Marlpit, ndiyo bendi yao. Ya kwanza tulinunua sisi ndugu. Ya pili, gazeti moja la London lilisema ni kelele za watoto waliosoma kupita kiasi. Kusoma! Neville kaacha shule akiwa na miaka kumi na tano. Sasa kampuni imesema hii isipokwenda, basi tena.

Mwishoni alituchezea sauti zetu zote pamoja. Tumekaa kwenye viti, midomo imefungwa, na tunaimba.

Nikawahi nyumbani kumlisha mama mkwe.

Jumapili, 16 Juni

Neville kapiga simu kwenye kibanda cha simu cha kona yetu, kama tulivyopanga. Wako Bologna. Ukumbi umejaa, watu wanajua maneno yote, wanalia. Hapa kwetu marlpit ni shimo la udongo, ukilitaja mtu anadhani unauza udongo.

Joto tu ndilo linalomtesa. Alhamisi tepe za Hilda zilikatika, moja baada ya nyingine, mstari mzima. Akasema si kitu, atatengeneza nyingine akirudi, kutoka kwenye utepe mkubwa aliotunasia siku ile kanisani.

Sikumwambia kwamba Hilda amekaukwa na sauti. Tangu Alhamisi hiyo hiyo. Alitoka kumwita paka, akafungua mdomo — kimya. Daktari kamulika koo, anasema safi kabisa.

Mume wangu Wilf, kwake kila kitu ni vumbi. "Vumbi la kiwandani, Edna. Mnavuta udongo tangu mko wasichana, mlitegemea nini?" Labda. Mimi na Hilda tunakaa benchi moja, tunabandika mikono ya vikombe vya udongo. Vumbi ni lile lile.

Jumapili, 14 Julai

Sasa Olwen.

Alikuwa buchani, Ijumaa mchana, anaagiza soseji. Sauti ikakatika katikati ya neno. Muuza nyama akadhani anataniwa, akamwigiza, foleni nzima ikacheka. Mpaka Olwen alipoanza kulia bila mlio.

Leo nilimwuliza Neville kwenye simu, polepole, kama mtu anayeulizia hali ya hewa. Tepe zinaendeleaje? Akasema za juu nazo zimekwenda, huko Torino. Lini? Juzi, Mama, Ijumaa mchana, tulikuwa tunajaribu vyombo. Mbona unauliza?

Nikasema nauliza tu.

Zimebaki zangu. Sijililii mimi, Mungu ananiona. Ni mama yake Wilf, kule chumba cha nyuma. Hajui mtu tena, mimi ananiita muuguzi. Kijiko hakitaki, meno kayabana. Nikianza wimbo wa kanisa tu, mdomo unafunguka wenyewe, kama kifaranga. Wilf alijaribu kumwimbia, akatemewa uji shati zima. Alijaribu na wifi, vivyo hivyo. Mimi nikinyamaza, huyu mama atakufa na njaa mbele ya sahani.

Jumanne, 10 Septemba

Mazoezi ya kwaya. Hilda bado anakuja. Anasimama mahali pake pa siku zote na kufungua mdomo kwa kila neno. Nilimtazama mdomo muda wote.

Ijumaa, 18 Oktoba

Neville karudi! Amekonda, macho yameingia ndani. Kala chapati za shayiri na jibini kama hajala tangu Machi. Kinanda kiko sebuleni, wamekiingiza wanaume wanne, mlango umechubuka. Wilf hajaona bado.

Santuri haiuzwi. Italia ndiyo, hapa hakuna. Imebaki nafasi moja: Jumatatu watapiga redioni London, moja kwa moja, na mkubwa wa kampuni atakuwepo. Wakipiga vizuri ule wimbo mrefu wa santuri hii, kampuni haitawaacha. Na ule wimbo bila kwaya si wimbo.

Utepe mkubwa wenye sauti zetu haupo tena. Barry, mpiga ngoma wao, alikosa utepe mtupu siku moja, akarekodi ngoma zake juu yetu. Eti alidhani ni mazoezi ya zamani. Nilimlea kwa supu yangu huyo!

Basi Neville akaniambia, "Mama, imba wewe zote. Za Hilda na za Olwen. Ni zako tu ambazo hazijakatika."

Nikamweleza yote. Siku za kukatika tepe na za kukatika sauti zilivyolingana, paka, buchani, bibi yake. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Akakaa kwenye ngazi.

"Basi usiimbe," akasema. "Nitawaambia wenzangu imeshindikana."

Akaenda kuosha vyombo. Miaka saba ya bendi hiyo, na anaosha sufuria yangu taratibu. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimeimba. Alikataa, nikamwambia nimekuzaa mimi, funga mlango.

Tulitundika mablanketi dirishani tusisikie barabara. Kila nikimaliza noti nilisema "chumvi", nijue kama bado nipo. Nipo. Chumvi. Chumvi. Za chini tumemaliza, za juu bado chache, koo linapumzika. Neville amekwisha kuzifunga zile za kwanza kwenye kinanda, anazijaribu.

Naandika hapa, pembeni ya kitanda cha mkwe, bakuli liko magotini. Nimemwimbia. Sauti ipo, nzuri tu! Lakini kabana meno. Ananitazama mdomo, kama mimi ninavyomtazama Hilda.

"Muuguzi," kasema, "leo mbona huimbi?"

Nikaimba tena, kwa nguvu. Nikamwita Wilf ukumbini, unanisikia? Akajibu nakusikia, mtaa mzima unakusikia. Mkwe, hapana.

Neville akabonyeza kibao kule sebuleni. Aaa. Mimi yule, wa asubuhi. Mkwe akafungua mdomo. Nikatia kijiko. Utepe ukaisha, mdomo ukafungwa.

Nimemwita Neville abonyeze tena. Hajauliza kwa nini. Anabonyeza, ninalisha. Kibao kimoja, kijiko kimoja. Bakuli limefika nusu.

Kesho kutwa kinanda kinakwenda London.

Sasa ameacha. Anauliza kutoka sebuleni kama koo limepumzika, tumalizie za juu. Mkwe kaugeuzia mlango uso wake, anangoja, mdomo wazi, na mimi nina kijiko mkononi, sijui niende nikaimbe au nimwambie Neville kinanda kisiondoke.