Unga wa Njano na Kioo cha Taa

Jumatatu, 3 Machi

Umetoka tanurini — njano! Wiki tatu nzima nilikuwa napata unga mweupe pee, kama chokaa. Safari hii nilizidisha yurea, ile mbolea yenye nitrojeni, nikaiyeyusha na kuidondosha tone kwa tone mpaka mkono ukafa ganzi, nikaoka kwa nyuzi mia nne na hamsini. Njano hafifu, ya siagi. Nitrojeni imeingia kwenye titani, ndiyo unga wenyewe, naamini. Titani nyeupe hufanya kazi kwa urujuanimno tu, ile mionzi isiyoonekana. Hii inatakiwa isafishe maji kwa mwanga wa kawaida.

Jumatano, 5 Machi

Unga ndani ya bika, gilasi ya maabara, lenye maji yaliyotiwa rangi ya bluu. Nusu saa gizani, kisha taa. Baada ya saa tatu, asilimia tisini na moja ya rangi imekwisha!

Profesa kanipigia makofi mbele ya watu. Wafadhili wanakuja Jumanne, anataka walione bika likipauka kwa macho yao.

Dada kapiga simu. Karakana yake ya kutia vitambaa rangi inamwaga maji ya rangi mtaroni, na bwana afya kampa mpaka mwisho wa mwezi: ayasafishe au afunge. Nikamwambia dawa imepatikana. Akacheka mpaka akakohoa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeishiwa nguvu.

Fundi wa maabara — tunamwita Bwana Subiri, maana ukimwomba kitu chochote jibu ni hilo — alikuja kufuta vumbi kwenye taa. Akasema hivi hivi tu, kama anazungumzia mvua, kwamba kile kioo cha mbele ya taa, cha kuzuia urujuanimno, kilivunjika Desemba. Akakata cha dirisha, akakiweka. Eti vinafanana.

Vinafanana! Kioo cha dirisha kinapitisha sehemu kubwa ya mionzi ile.

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza, mwanangu."

Na kweli sikuuliza. Tena unga mweupe wa kulinganishia sikuupima upya, nilichukua takwimu za mwaka jana, za kioo kile kizuri. Uvivu huo ni wangu, si wa fundi.

Jumamosi, 8 Machi

Unga mweupe, taa ileile: asilimia themanini na nne. Kumbe nilikuwa nasifia kioo cha dirisha.

Jumapili, 9 Machi

Maabara tupu. Jana nilikwenda kuazima kioo sahihi kwa watu wa fizikia. Leo, saa tatu chini yake: mweupe, asilimia tatu. Wa njano, ishirini na sita.

Ishirini na sita si sifuri. Unafanya kazi — kwa mwendo wa kinyonga. Karakana ya dada haiwezi kumngoja kinyonga.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemwambia Profesa. Aliizungusha kalamu muda mrefu.

"Takwimu nimeshawatumia wafadhili."

"Si za kweli, Profesa."

Akasema kesho turudishe kioo cha dirisha, bika lipauke, wageni wakiondoka tutarekebisha taratibu. Nikajibu, sawa. Sijui hiyo sawa ilitokea wapi.

Dada kapiga mara mbili. Sikupokea.

Jumanne, 11 Machi

Saa tano u nusu. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Asubuhi nilifika kabla ya wote. Nikaweka kioo sahihi. Mabika mawili, mweupe na wa njano. Sikumwambia mtu.

Wageni wawili. Mama mmoja mwenye miwani akainama, akauliza kama kioo kile kinazuia urujuanimno wote. Profesa akanitangulia: "Bila shaka!" Maskini, alidhani anadanganya.

Taa ikawashwa saa tatu. Wakaenda kutembezwa na kunywa chai, watarudi saa sita.

Profesa karudi peke yake. Kasimama mbele ya mabika. Bluu na bluu — ukikaza macho sana, la njano limepauka kidogo. Akaitazama taa. Akanitazama.

"Umeweka kioo kipi?"

Nimemwambia.

Kavuta kiti, kakaa, kavua saa ya mkononi, kaiweka mezani. Kioo cha dirisha kiko droo ya kulia, nusu dakika tu kukibadilisha, na anajua. Haifungui droo. Haondoki pia. Nasikia viatu vya wageni ukumbini, wamewahi —