Mtaalamu wa Divai wa Nyarubungo

Jumatatu, 8 Julai 2024

Leo nimekubali jambo ambalo sikupaswa kukubali.

Consolatha, mama Frednand, mwenyekiti wa kikundi cha divai, alikuja nyumbani. Hakukaa hata. Jumamosi anakuja mnunuzi kutoka Mwanza, mwenye hoteli. Anataka kuonja zile divai zilizokaa ghalani miaka mingi — za ndizi na za nanasi. Akizipenda, atachukua kila mwaka. Kabla ya hapo wanataka mtu wa kuzionja, azipange, azieleze vizuri. "Na wewe, Mzee Audax, ulikuwa kwenye kiwanda cha divai Dodoma miaka tisa."

Nikasema ndiyo.

Na ni kweli. Miaka tisa. Getini. Nilikuwa mlinzi.

Frida, mke wangu, alikuwa anamenya ndizi palepale. Mgeni alipoondoka akaniuliza kama hizo divai nitazipekua mifuko.

Halafu kuna vidonda vyangu vya tumbo. Pombe sijaigusa tangu nikiwa na miaka ishirini na sita.

Jumanne, 9 Julai

Mazoezi. Nimenusa kila kitu hapa nyumbani. Nanasi: linanukia nanasi. Parachichi: linanukia parachichi. Jembe: chuma.

Frida anasema kwa kipaji hiki Mwanza watapigwa na butwaa.

Jumatano, 10 Julai

Ghalani kwa mama Frednand. Tofali za kuchoma, ubaridi, giza kidogo. Chupa zimepangwa kwenye rafu, mwaka umeandikwa kwa maka peni. 2021, 2020, 2019, 2018. Na juu kabisa, peke yake, 2016 — chupa sita, nta nyeusi shingoni. Hizo alitengeneza marehemu mume wake, Protasi, aliyewafundisha wote kazi hii. Alifariki mwaka uliofuata, hazijafunguliwa. Mimi nilirudi kutoka Dodoma baadaye, sikumkuta. Mama Frednand hajawahi kuzionja. Aliniambia hivyo huku akifuta vumbi ambalo halikuwepo.

Akanimiminia 2019. Nikazungusha glasi kama nilivyokuwa nawaona wageni wa kiwanda kupitia dirisha la kibanda changu. Nikanusa. Hakuna kitu. Sawa na kunusa ukuta.

Nikaona naumbuka. Basi glasi nikampa Malongo, yule mfugaji Msukuma aliyejiunga na kikundi mwaka jana. Huyu hajawahi kukataa kitu kilichomiminwa. Akanywa yote, akashusha pumzi karibu na uso wangu.

Hapo hapo nikaipata. Nanasi lililoiva kupita kiasi, moshi kidogo, mchaichai. Waziwazi kabisa.

Nimekaa nikifikiri, nimeelewa. Miaka tisa, kila saa kumi jioni, kazi yangu ilikuwa kunusa midomo ya wafanyakazi wakitoka, nijue nani kaonja. Mwishowe nilikuwa najua mpaka pipa. Pua yangu haijui glasi. Inajua midomo.

Alhamisi, 11 Julai

Tumefanya kazi tangu asubuhi. Malongo anakunywa, mimi nanusa, Secilia katibu anaandika. 2021: ndizi isiyotulia, kama mtu anayeanza kuongea kabla hajakaa. 2020: ganda la chungwa na unga wa mtama. 2018: asali, na udongo wa mvua ya kwanza. Wanakikundi walishangaa mwanzoni, kisha wakaambizana kwamba Dodoma ndivyo wanavyofanya. Sikukanusha. Kufika 2018 Malongo alikuwa anaimba nyimbo za kulima na kuwataja ng'ombe wake kwa majina.

Mwisho, 2016. Mama Frednand alikata nta mwenyewe, akamimina kidogo, akatoka nje. Alishindwa kusimama pale. Malongo akanywa. Akafumba jicho moja. Akafungua mdomo.

Siki. Siki tupu. Ya kusafishia vioo.

"Unasikia halufu gani?" akaniuliza polepole, ingawa alijua. Nikamwambia anyamaze. Secilia naye akafunga daftari.

Mama Frednand akachungulia mlangoni. Ikoje?

Nikasema: bado inalala.

Akatabasamu. Tangu nirudi sijamwona akitabasamu vile. Akasema hata Protasi mwenyewe alikuwa anapenda kulala.

Ijumaa, 12 Julai

Frida kajua. Malongo kamwambia sokoni. Nilingoja anicheke, hakucheka, na hilo ndilo limenitisha. Alisema tu kwamba nimemdanganya mjane kuhusu mume wake. Akaenda kuwafungua mbuzi.

Sijala mchana.

Jumamosi, 13 Julai

Naandika nyuma ya ghala, nimekaa juu ya kreti. Nimeomba dakika kumi.

Mnunuzi alifika saa nne. Joyceline, kijana tu, mpole. "Shikamoo, mtaalamu." Nikaitika marahaba haraka, nikaelekea kwenye rafu. Nilipoanza kumnusa Malongo, mgeni akarudi nyuma hatua mbili. Baadaye akawa anaandika kwenye simu kila ninachosema. Mwisho akataka na yeye nimnuse, nitaje amekunywa ipi. Nikapatia mara tatu. 2019 ameipenda sana.

Kisha akaiona ile nta nyeusi. Mama Frednand akamweleza ni za marehemu, na kwamba mtaalamu amesema bado zinalala.

"Basi tuziamshe," akasema Joyceline.

Mama Frednand akaishusha ile chupa ya juzi, akamimina glasi mbili. Yake na ya mgeni. Alipoinyanyua nikasema. Sikupanga. Nikasema imekuwa siki, mama Frednand, na juzi nilijua. Na Dodoma nilikuwa getini.

Malongo akatazama viatu vyake.

"Getini?" akauliza mama Frednand.

"Getini."

Akaiinua tena glasi. Halafu akanywa. Yote. Akakohoa, machozi yakamtoka — ya siki au ya nini, sijui. Akaja mpaka mbele yangu, akafungua mdomo.

"Nusa. Na safari hii usinihurumie."

Nikanusa. Siki. Siki. Siki. Halafu chini kabisa, ndizi iliyochomwa kwenye jivu. Na tumbaku. Nikamuuliza kama Protasi alikuwa anavuta.

"Kiko," akasema. "Anakoroga pipa, kiko mdomoni. Nilimgombeza mpaka nikachoka."

Akaanza kusimulia. Jinsi alivyomficha mumewe kile kiko kwenye mkungu wa ndizi. Jinsi kilivyotumbukia pipani, Protasi akazunguka siku mbili akiwatuhumu majirani. Secilia alicheka mpaka akaegemea rafu. Kabla ya wiki hii hakuna aliyewahi kumsikia mama Frednand akimtaja marehemu zaidi ya mara mbili kwa mwaka.

Namsikia hadi hapa. Yuko glasi ya pili ya siki na hakuna anayethubutu kumnyang'anya. Joyceline bado hajasema kama ananunua au hanunui. Ameweka pochi chini, ameomba kiti.