Kiti cha Shangazi Usiguse

Mwaka umetimia, Shangazi Usiguse, tangu asubuhi ile ulipokunywa chai nusu kikombe, ukasema unajinyoosha kidogo, usiamke tena. Kikombe chako kipo palepale kwenye rafu. Hakuna aliyethubutu kukitumia, na atakayethubutu atatutambua.

Jina hilo ulipewa na watoto wa kaka yako, nasi wakubwa tukalidandia. Miaka kumi na tisa ulisimama ukilinda chumba cha tatu cha jumba la sanaa, ukiwaambia wageni, "Tazama kwa macho, mpendwa, si kwa mikono." Ukirudi nyumbani ukafunua sufuria uonje, watoto walikudaka kwa sauti moja: "Shangazi, usiguse." Ulicheka mpaka ukashika ukuta.

Sanaa hukuisomea. Lakini mgeni akisimama mbele ya rundo la madumu matupu na kuuliza, "Sasa hii ndiyo nini?" hukumdharau. Ulimwambia, "Lizunguke mara mbili, kisha wewe ndiye unieleze mimi." Mmoja alizunguka akatokwa na machozi, alimkumbuka mama yake kwenye foleni ya maji. Ulimpa leso yako, na hukuidai.

Tunaikumbuka na miguu yako. Kila jioni beseni la maji ya vuguvugu na chumvi, mishipa imevimba kama kamba. Uliomba kiti kwa barua mara nne. Nakala zote nne tunazo. Mkurugenzi alikujibu mlangoni, mbele za watu: "Tukikuwekea kiti, wageni watadhani ni kazi ya sanaa."

Kisha yakaja maonyesho ya viti. Viti arobaini na kimoja vya mbao, chumba kizima, na kazi yako ilikuwa kuhakikisha hakuna anayevikalia. Miezi mitatu: viti vitupu, wewe wima. Sisi tulichemka. Wewe ukatutania, "Mwenye njaa kawekwa alinde mkate, nanyi mlioshiba ndio mnaolia?"

Siku moja mzee mwenye mkongojo aliingia akitweta, akakalia kimoja. Ulimwona. Ulikwenda ukasimama mbele yake, ukamkinga kwa mwili wako mpaka pumzi zikamrudia. Kwa hilo walikupa barua ya onyo, wakakutaka uombe radhi kwa maandishi. Uliandika maneno mawili: "Alikuwa amechoka."

Yaliyofuata hukuyaona, basi sikiliza. Wiki tatu baada ya kukuzika, maonyesho mapya yalifunguliwa. Walinzi wenzako sita, na sare zao, waliketi sakafuni, kila mmoja chumbani mwake, kimya. Waalikwa wakadhani ndiyo sanaa yenyewe. Wakawazunguka, wakawapiga picha, wakatikisa vichwa kwa kuelewa. Bwana mmoja akainama kwa rafiki yako wa chumba cha pili, akauliza msanii ni nani.

"Tumemzika juzijuzi," akajibu. "Alikuwa anaomba kiti."

Mkurugenzi alikosa pa kuuweka uso wake. Mwezi haukuisha, viti vikaletwa, kimoja kila chumba.

Barua ya onyo bado imo kwenye faili lako. Tumeomba iondolewe, jibu hatujapata. Hatuna haraka, ila hatusahau. Tutaandika mara nne, kama wewe. Mara ya tano tutakuja ukoo mzima, na sakafu yao tunaijua.

Jumanne iliyopita tulimpeleka mama yako. Kiti kipo karibu na mlango wa chumba cha tatu, cha mbao, na kimto chake. Mama alisimama mbele yake, mikono nyuma, kama ulivyomfundisha. Mhudumu aliyechukua nafasi yako akainuka.

"Keti, mama. Hiki si cha kutazama."

Aliketi. Alikaa sana, na picha hakutazama hata moja. Alikuwa akikipapasa kiti, taratibu, na hakuna aliyemwambia asiguse.

Unakumbukwa na mama yako. Na mumeo, ambaye jioni bado huchota maji ya beseni kabla hajakumbuka. Na kaka zako wawili na wake zao. Na watoto waliokupa jina, ambao siku hizi wanafunua sufuria bila raha. Na wenzako sita wa vyumbani.

Hutoki mioyoni mwetu, Shangazi. Umesimama vya kutosha.