Sauti Iliyoingia Katikati ya Nyimbo za Reli

Mdogo wangu Neema,

Bibi amepokea shikamoo yako, anasema marahaba. Mimi nimemaliza shule, nangoja matokeo.

Umeuliza kwa nini kwenye kanda ya babu, katikati ya nyimbo za mafundi wa reli, anasikika mwanamke akiimba Kirundi. Kosa ni langu.

Nilikuwa darasa la nne, wakimbizi wa Burundi wakivuka mpaka kila siku. Mama Odeta alifika kwetu Nyakisasa akiwa amepotezana na watoto wake. Jirani aliyekuwa akienda kambini alikubali kupeleka sauti yake kwenye kanda ipigwe huko, huenda watoto wakaisikia. Kanda tuliyokuwa nayo ni ile moja, na babu aliyeimba humo alikuwa ameshafariki.

"Mpe nafasi ya wimbo mmoja, arekodi juu yake," bibi aliniambia. "Ule wa kuinua reli usiuguse. Ukikaribia, zima."

Mama Odeta alitaja majina ya watoto, kisha akaanza kuwaimbia wimbo wa kubembeleza. Niliweka kidole juu ya kitufe cha kuzima. Nilijua tumefika kwenye wimbo wa kuinua reli na babu anafutika, lakini niliona haya kumkatiza mtu mzima.

Jirani aliporudi na kanda alisema, "Majina yalipotajwa, hakuna aliyesogea. Alipoanza kuimba, kitoto kimoja kikaja mbio, kaka yake nyuma."

Nilimwomba bibi msamaha. Akasema, "Treni ikija, watu wa reli walikaa pembeni. Hata babu yako angepisha." Kisha akajifuta macho kwa kanga.

Hapo Tabora, ukimpata mzee wa reli, mwombe akuimbie ule wa kuinua reli, uuandike wote. Bibi anakumbuka mwanzo tu.

Dada yako,
Yustina