Viatu vya Wakwe Koridoni

Shoga, kaa chini kwanza. Hoteli ya kifahari imeniozesha!

Si unajua nyumbani wanapaka rangi? Shangazi Oydin akakodi chumba hapa Tashkent, wazazi wa Jahongir waje kuniposa mahali pa maana. Maana ipi! Bafu lina ukuta wa kioo kitupu, unaoga huku wakwe wanakutazama wakinywa chai.

Lakini mimi kuolewa sitaki, na nilishamaliza kazi ya kuwafukuza. Mamake Jahongir kaniuliza, "Binti, pilau unapika?" Nikamjibu, "Naagiza." NAAGIZA, shoga! Akasimama: "Baba Jahongir, twende zetu." Moyoni napiga vigelegele.

Wakafungua mlango. Viatu hakuna!

Sisi si tumevivua koridoni kama watu wenye adabu? Wahudumu kuviona nje ya mlango, wamevibeba vyote kwenda kuving'arisha. Huduma ya bure kwa wageni waheshimiwa, eti.

Baba mtu soksi imetoboka, hatoki ng'o. Wakarudi kukaa. Shangazi, mjanja yule, akasogeza mkate wa posa katikati; kwetu ukivunjwa, uchumba umekubaliwa. Mamake Jahongir akaangua kicheko: "Hata viatu vyetu vimekataa kuondoka!" Akaushika, akauvunja.

KAUVUNJA! Na mkate wa posa ukishavunjwa, nani ataugandisha tena?

Hapo hapo mlango ukagongwa. Viatu hivyo vimerudi, vinang'aa mpaka unajiona uso.

Sasa hoteli inaniomba niipe nyota. Nimeipa zote tano. Nimejiangalia kwenye kiatu cha baba mkwe, nikamwona mchumba wa Jahongir ananikodolea macho.