Breki ya Rili ya Baba

Jenerali wangu,

Shikamoo dada. Habari za huko, habari za kazi? Shemeji hajambo? Na yule mpwa wangu mwenye meno mawili, bado anamng'ata kila anayembeba? Sisi huku wazima. Mama anakusalimu, anasema umekonda kwenye picha. Baba naye mzima, ingawa ukimuuliza mwenyewe atakuambia vingine, na hicho ndicho kilichonikalisha chini nikuandikie. Simu siwezi kupiga. Kuta zetu unazijua: ukipiga chafya jikoni, baba aliye chumbani anakupa pole.

Kwanza asante kwa ile hela. Rili ya baba, kile kigurudumu cha kukunjia uzi wa kuvulia, nimeinunua! Uliniagiza nisinunue takataka na nisinunue pambo, nami nimekutii kama askari. Wiki tatu nzima, kila mapumziko ya mchana pale karakana ya baiskeli, nilikuwa nasoma na kutazama video za watu wanaovua kwa chambo cha nzi bandia wa manyoya kama baba, mpaka bosi akaniuliza kama samaki nao wameanza kupanda baiskeli.

Dada, nimejua mambo! Jina kubwa kwenye boksi halivuti samaki. Unatafuta rili ya chuma kilichochongwa kipande kimoja, maana kile cha kuyeyushwa na kumiminwa kikianguka kwenye jiwe kinapasuka. Kiini, pale uzi unapozungushiwa, kiwe kipana, uzi urudi haraka na usibaki umejikunja kama nywele zilizofumuliwa jana. Mkono wa kuzungushia uweze kuhamishwa upande, si unajua baba ni mashoto. Isiielemee fimbo ya kuvulia. Na juu ya yote, breki laini, ile inayomzuia samaki asiondoke na uzi wote. Ikilegea anakukimbia, ikikwama ghafla anakata uzi.

Nikaenda kwa yule mama wa vifaa vya uvuvi, tunayemwita Mama Ndoana, mwenye kaunta ya kioo iliyopasuka na kuzibwa kwa selotepu. Akanitolea tatu: moja inameta, bei yake ya kuitishia kikao cha familia, moja ya plastiki, bei ya bure, na moja ya kijivu, ya katikati, haina makuu. Nikazipima kwenye fimbo, nikazizungusha, nikazitegea sikio moja moja. Akaniuliza nimekuja kununua rili au kuiposa. Nikamwambia hata wanaoposa hawachunguzi hivi. Akasema ndiyo maana wanalia.

Nikamwomba nizijaribu nje. Alikubali kwa sharti kwamba aje naye, maana uso wangu haumpi imani. Basi samaki wangu akawa Pampu, yule mwenzangu wa karakana. Nikamfungia uzi kwenye siti ya baiskeli, nikasimama mlangoni na fimbo, nikamwambia kimbia! Ile ya plastiki ilikwama, ikaachia, ikakwama tena, uzi ukakatika pwaa! Pampu nusura aingie kwenye meza ya muuza nyanya, naye muuza nyanya akamwambia kama ana njaa aseme tu. Ile ya kijivu, dada, ilimwachia uzi taratibu kama mama anayemwachia mtoto mkono, mpaka kwenye kona. Nikaikaza kidogo kidogo, Pampu akasimama juu ya pedali, ulimi nje, mpaka akakwama kabisa. Watu wakapiga makofi! Ile inayometa nayo ikafanya vilevile, sikuona tofauti hata chembe. Nikalipia ya kijivu, na chenji ikatosha uzi mpya.

Jumapili nikampa baba. Aliigeuza, akaisikiliza, akacheka, akasema umefanya vizuri sana na Mungu akuzidishie. Halafu akairudisha kwenye boksi lake. Akasema rili nzuri inataka mikono mizuri, na yake imekwisha. Unakumbuka nilikuambia kuhusu yule samaki mkubwa wa mwezi uliopita, aliyeondoka na uzi wote? Tulidhani ni rili imechoka tu. Kumbe mwenzetu ameshajihukumu. Anasema alikaza breki mpaka mwisho na mkono haukushika kitu, kwa hiyo ubovu ni wa mkono. Tangu siku ile chai anataka nusu kikombe, eti asimwage. Chupa ya maji anampa mama amfungulie. Na fimbo yake ameshamwahidi Mwalimu, yule rafiki yake mstaafu wa nyumba ya pili. Jumamosi hii anakuja kuichukua.

Sasa dada, kaa kitako. Kuna kitu nimekiruka pale dukani.

Nilipokwisha kulipa, Mama Ndoana aliifungua rili anionyeshe namna ya kuitunza. Ndani mna kisahani chembamba, kikavu. Akasema hicho ndicho breki yenyewe, na mafuta yasikiguse kamwe. Nikahisi masikio yanawaka moto. Kwa sababu kisahani kama hicho, cha gome la mti, nilishakiona. Wiki moja kabla ya yule samaki, baba alipokuwa amelala mchana, niliifungua rili yake ya zamani nijifunze. Nikakikuta kimekauka, nikadhani ni washa tu, kile kipete cha kuzuia vyuma visisagane. Nikakilowesha kwa mafuta ya cheni. Nikaifunga, nikaizungusha, laini kama siagi, nikajiona fundi wa dunia. Mimi huyu, ninayewafokea wateja wanaopaka rimu mafuta, breki zikakosa pa kushika!

Nikamuuliza Mama Ndoana kwa sauti ndogo, itakuwaje kama rafiki yangu mmoja alikipaka. Akanitazama, akasema huyo rafiki yangu samaki mkubwa atamkimbia kama gari kwenye mteremko, na kwamba kisahani kipya bei yake ni kama ya kiraka cha tairi. Samahani kwa hela yako, dada.

Mikono ya baba haina ubovu wowote! Jana nilikwenda nimwambie. Nilimkuta barazani na Mwalimu, na kabla sijafungua mdomo akanishika bega akamwambia mwenzake kwamba anaweka fimbo chini bila kinyongo, maana mikono yake imekwisha lakini ya mwanawe ndiyo imeanza, na katika mtaa huu mzima hana fundi mwingine anayemwamini. Nikasema ahsante baba, nikaenda kuosha vyombo ambavyo hakuna aliyenituma.

Pampu anasema nisiseme neno: nifunge rili mpya, nimvute baba mtoni mara moja tu, akamate samaki, mambo yaishe. Lakini si atadhani ni rili imemsaidia mzee, na kikombe kitabaki nusu? Na nikisema ukweli, atarudishiwa mikono yake na kuikosa yangu.

Msalimie shemeji, mbusu yule mng'ataji, na nyumba nzima hapo inasalimiwa. Barua hii itakufikia Alhamisi, na Mwalimu anakuja Jumamosi, hivyo una siku moja tu ya kunijibu kwa meseji. Hebu niambie Jenerali, bila kunitukana kwanza: ungekuwa ni wewe, na baba amekushika bega hivyo, ungefanyaje?

Ni mimi mdogo wako,
Spana